Wateja wanasikiliza sampuli zangu za sauti kisha wanaondoka. Nirekebishe nini kwanza kwenye profaili?

Msomaji_Tororo

Habari zenu wote. Nipo Tororo, nasoma matangazo ya biashara kwa Kiswahili kwenye kituo kimoja cha redio hapa mjini. Mwaka jana nilifungua akaunti Fiverr na Upwork, masoko ya mtandaoni ya kuuza kazi, ili niuze hiyo hiyo kazi ya sauti: matangazo, masomo ya mtandaoni, ujumbe wa simu za ofisini, video za mashirika. Takwimu za ukurasa zinaonyesha watu wanaingia. Wanasikiliza. Hawaagizi.

Maelezo yangu ni haya, nimeyageuza kwa Kiswahili ila ukurasani yako kwa Kiingereza:

"Karibu kwenye ukurasa wangu! Mimi ni mtaalamu mwenye bidii, mwaminifu na ninayejifunza haraka. Natoa huduma bora za kurekodi sauti, kutafsiri, kunakili mazungumzo, kuingiza data na kusimamia mitandao ya kijamii. Kuridhika kwako ndicho kipaumbele changu. Agiza sasa!"

Bei ni dola 5 kwa maneno hadi 300, na natuma ndani ya saa 24. Picha ni ile niliyopigwa kwenye harusi ya dada yangu nikiwa na gomesi, nimeikata ibaki uso. Sampuli ni moja, ya dakika mbili na nusu, mchanganyiko wa matangazo niliyosoma redioni pamoja na muziki wake.

Akiba yangu inatosha kitu kimoja tu: maiki nzuri, au kulipia ukurasa utangazwe. Kaka yangu naye ameniletea kundi la WhatsApp ambako watu wanaagiziana kazi za uongo na kupeana nyota 5. Roho inasita. Naomba mtu anayeifanya kazi hii aniambie ukweli. Nina watoto wawili shuleni, na sauti hii ndiyo mtaji nilio nao.

Nembo_Ntinda

Dada, pole na kazi. Mimi nachora nembo, mambo ya maiki siyajui, lakini ukurasa ni ukurasa.

Hilo kundi la nyota achana nalo leo hii. Fiverr wanakataza waziwazi, na kila mtu anaruhusiwa akaunti moja tu. Ikifungwa, hakuna mlango wa pili.

Kichwa cha huduma Fiverr kina nafasi ya herufi 80. Usizimalize kwa "bora" na "ya kitaalamu". Toka kwenye akaunti yako, tafuta kama mnunuzi anavyotafuta: sauti ya kike, Kiswahili. Soma kurasa za mwanzo zinazotokea, na lolote utakaloliona limeandikwa na kila mtu, wewe liache. Nafasi za lebo, yaani maneno ya kukutafutia, ni 5, zijaze zote kwa majina ya kazi zenyewe, siyo sifa.

Bei. Katika dola 5 Fiverr wanachukua asilimia 20, unabaki na 4, na bado hujalipia kuzitoa. Mtu wa kampuni akiona dola 5 hafurahi, anajiuliza kuna kasoro gani. Picha ya harusi nayo ibadilishe. Simama dirishani asubuhi, mtoto akupige kwa simu, inatosha. Mengine nawaachia wenye sauti.

Sauti_Kawempe

Dada Msomaji, ninaishi kwa kazi hii hapa Kampala, masomo ya mtandaoni hasa. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu inaniuma kuona wasomaji wazuri wa Kiswahili kutoka Uganda wakikosa kazi wanazoziweza kabisa, na sababu ni ukurasa tu.

Jambo ambalo maelezo yako hayajalizingatia ni hili: anayekununua hajui Kiswahili. Ni meneja wa mafunzo huko Toronto, au kijana wa studio ya video Berlin aliyepewa orodha ya lugha na tarehe ya mwisho. Matamshi yako yawe safi namna gani, yeye hayasikii. Hawezi kujua umesoma vizuri au umeboronga. Alicho nacho ni hofu: kwamba ataiweka video hewani, kisha watazamaji wa Mombasa au Dar es Salaam waandike chini yake kuuliza huyu msomaji katoka wapi, na bosi wake ayaone.

Mnunuzi wa ngege sokoni hamwonji samaki; anafunua matamvua aone kama bado ni mekundu. Ukurasa wako unatakiwa umpe huyu mtu kitu cha kufunua. "Mwaminifu na mwenye bidii" hakifunuliki. Kila mtu ameandika hivyo, na mwongo ameandika kwa herufi kubwa zaidi.

Sasa, mtu asiyejua lugha husikiliza nini? Husikiliza kilicho nyuma ya lugha. Anasikia feni, anasikia mwangwi wa chumba, anasikia pumzi, anasikia boda boda ikipita. Hayo anaweza kuyahukumu vizuri kuliko mimi na wewe, maana maneno hayamshughulishi. Muziki ulioweka chini ya sampuli humfanya ashuku kuwa unaficha kelele. Kwa hiyo ondoa muziki wote. Ondoa na matangazo ya redio yenyewe, kwa sababu rekodi hizo huenda ni mali ya kituo au ya mwenye tangazo, na huna haja ya ugomvi huo. Andika maneno yako mwenyewe, ya bidhaa ya kubuni, ya somo la kunawa mikono, ya ofisi inayompokea mpiga simu, na usome upya.

Sampuli ziwe kadhaa, kila moja kwa kazi yake, sekunde 30 hadi 60. Anayetafuta sauti ya somo hana subira ya kulingoja somo lipite baada ya tangazo la sabuni. Zipe majina ya kazi: somo, tangazo, simu. Na sauti yako ianze sekunde ya kwanza, bila mlio wa kukaribisha.

Kisha fanya hili, ambalo naliona wachache wakilifanya. Fiverr wanaruhusu video ya hadi sekunde 75 kwenye ukurasa wa huduma. Tengeneza moja ambamo unasoma Kiswahili, na chini ya skrini yanapita maneno ya Kiingereza ya kila sentensi kwa wakati wake. Yule wa Toronto ataona sentensi ikiisha pale maana inapoishia, ataona umepumzika kwenye koma, ataona umetilia mkazo jina la bidhaa. Umempa macho pale ambapo masikio yake hayafiki. Haihitaji kamera ya fedha nyingi. Picha moja tulivu na maandishi yanayopita vinatosha.

Kuhusu akiba yako: nunua maiki, usilipie tangazo. Tangazo litaleta watu wengi zaidi kusikiliza sampuli ile ile wanayoikimbia sasa. Lakini chagua maiki kwa kuangalia chumba chako. Hizi za kondensa za bei ndogo zilizojaa madukani hunasa kila kitu, na nyumba zetu ni mabati juu, saruji chini, kuta tupu. Tafuta ya dainamiki yenye waya wa USB, kama Samson Q2U au Audio-Technica ATR2100x. Hiyo huisikia midomo yako iliyo karibu na kuyapuuza mengi yaliyo mbali. Tororo najua malori ya Malaba hayalali, basi chagua chumba kilicho mbali na barabara, simamisha godoro nyuma yako, tundika mablanketi pembeni, na urekodi usiku mkubwa kabla ya majogoo. Mvua ikigusa bati, zima mashine, subiri.

Kipimo kipo, usikisie. ACX, ambao hupokea vitabu vya sauti vya Audible, wanataka kelele ya chumba isizidi desibeli -60, kilele cha sauti kisipite -3, na wastani wa nguvu ya sauti uwe kati ya -23 na -18. Huwauzii wao, ila kipimo chao kinaheshimika. Pakua Audacity, ni bure, rekodi sekunde chache bila kusema neno, kisha tazama kipimo. Ukifika -60, iandike hiyo namba kwenye maelezo yako. Mtu wa studio akiiona, mabega yanashuka. Usiikaribie -60 kwa kusafisha kelele kwa programu hadi sauti ikauke. Godoro kwanza, programu baadaye na kidogo.

Maelezo yako ningeyaandika hivi, nawe uyageuze kwa Kiingereza chako cha kawaida:

"Nasoma Kiswahili kwa video za mafunzo, matangazo na simu za ofisi. Ni Kiswahili sanifu, kinachoeleweka Tanzania, Kenya na Uganda. Ninasoma matangazo redioni Uganda. Kabla ya kurekodi nitakuuliza namna ya kusoma majina, tarakimu, vifupisho na saa. Utapata WAV ya 48 kHz, biti 24, faili moja kwa kila slaidi, kila faili kwa jina ulilolitoa wewe. Nikikosea kusoma, narudia bila malipo. Maandishi yakibadilika baada ya kurekodi, kuna nyongeza ndogo."

Hapo hakuna sifa hata moja, ila kila sentensi inamjibu swali. Hiyo ya kuuliza kabla ya kurekodi ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Chukua saa tu: zahanati ikifunguliwa saa 8 asubuhi kwa hesabu ya Kizungu, msikilizaji wetu lazima asikie saa mbili, la sivyo mama atakuja na mtoto mgonjwa saa ambayo siyo. Mteja hajui kama kuna tatizo hilo. Ukimwuliza kabla hajafikiria, amekwisha kujua kwamba amepata mtu anayewajali watakaosikia. Na hao wanaosikia, dada, ndio kazi yenyewe. Tusisahau hata tukiwa tunahesabu dola.

Tafsiri, data, mitandao ya kijamii, viondoe. Kama tafsiri unaiweza kweli, ifanye huduma ya peke yake. Isikae chumba kimoja na sauti.

Bei yako ihesabu kwa dakika za sauti iliyokamilika, siyo kwa maneno. Kiswahili kinabana mambo mengi ndani ya neno moja, kwa hiyo maneno 300 ya Kiswahili yana kazi kubwa kuliko 300 ya Kiingereza, na wewe unalipwa sawa. Fiverr wana vifurushi vitatu: kimoja kiwe sauti tupu ya dakika moja, cha pili kiwe dakika kadhaa zilizokatwa kwa faili, cha tatu kiwe sauti iliyopangwa kufuata muda wa video. Hicho cha tatu ndicho wenye video wanachokitafuta, na ndicho chenye jasho, kipe bei ya jasho.

Muda wa saa 24 ufute. Weka siku 3, ukimaliza mapema watashukuru. Umeme unakatika, mvua inanyesha, na wote tunakumbuka Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi. Mwenye oda iliyo wazi siku zile hakuwa na njia ya kumwambia mteja hata neno moja.

Kwenye Upwork kila ombi la kazi linalipiwa kwa Connects, yaani tokeni unazozinunua kwao, na kila moja ni senti 15 za dola, basi usitume ombi kila mahali. Sentensi yako ya kwanza izungumzie video yake, siyo wewe. Unaweza kumsomea sekunde 15 za maandishi yake kama kionjo, lakini asikuombe yote "kwa majaribio". Wengine huzunguka hivyo kwa wasomaji wengi hadi wakapata kazi nzima bila kulipa. Upwork pia wana sehemu ya ushuhuda wa wateja uliowahudumia nje. Kuna wenye maduka Tororo ambao sauti yako imewauzia bidhaa. Waombe wenye barua pepe waandike mistari miwili ya kweli. Hiyo ndiyo dawa ya nyota, na kaka yako mwambie ahsante, nia yake ilikuwa njema.

Kingine kidogo: mteja wa Toronto akifika ofisini saa tatu asubuhi, huku ni saa kumi au kumi na moja jioni, kutegemea majira yao. Saa hizo simu iwe mkononi.

Msomaji_Tororo

Kaka Kawempe, Mungu akubariki. Nimesoma mara ya kwanza haraka, mara ya pili na kalamu. Sikuwahi kumfikiria mnunuzi kama mtu mwenye hofu. Mimi nilidhani ni mwalimu anayenisahihisha.

Muziki nimeutoa na maelezo nimeyaandika upya jana usiku. Kichwa sasa kinasema: nitasoma Kiswahili sanifu kwa sauti ya kike kwa video za mafunzo. Dada yangu wa Mbale ana godoro la ziada, analileta wiki hii.

Swali moja limezuka. Kuna mtu ameniandikia anataka ujumbe wa afya kwa Kiswahili cha Kongo, wa wakimbizi. Mimi nacho nakisikia, mjini hapa madereva wa kutoka Bukavu na Goma tunaongea nao. Je, niongeze kwenye profaili kwamba nasoma Kiswahili cha nchi zote? Si ndiyo itapanua soko?

Mama_Isingiro

Mwanangu, usiongeze. Niko Isingiro, nimefanya kazi na watu wa Nakivale. Wakongomani wa huku, na wale wa Rwamwanja, Kyaka II na Kyangwali, wakisikia mtu wa kwetu anajifanya wa kwao wanajua kabla sentensi haijaisha. Wanakuwa wapole, hawatakwambia kitu. Ila ujumbe hawauamini, na ukiwa ni ujumbe wa chanjo au wa kipindupindu hilo si jambo dogo.

Mjibu huyo mteja kwa heshima kwamba wewe unasoma Kiswahili sanifu, na kazi yake inataka msomaji aliyekulia Kongo. Kama unamjua mmoja mwenye sauti nzuri, mtaje. Wakongomani wenye vipaji vya kusoma ni wengi makambini, wanachokosa ni njia ya kufikiwa.

Sauti_Kawempe

Mama amesema yote. Nami ningeenda mbele zaidi, uandike ukurasani kabisa: "Sisomi Kiswahili cha Kongo, ukikihitaji nitakueleza utafute msomaji wa namna gani." Yule asiyejua lugha hapo amefahamu kwamba kuna tofauti na kwamba wewe hutamdanganya. Wateja wa masomo hupenda hilo, na mara nyingi hurudi na kazi ya sanifu. Ila usimpe mtu mwingine aifanye kwa jina lako bila mteja kukubali.

Kichwa chako kipya ni kizuri, usikiguse tena. Maelezo yaache yakae muda, tusiyageuze kila jumatatu.

Malipo: fungua akaunti ya Payoneer, ya kupokelea pesa kutoka nje, mapema kabla oda haijaja, na jina liwe sawasawa na la kitambulisho cha taifa, pamoja na mpangilio wake. Fiverr hushikilia pesa siku 14 baada ya oda kukamilika kwa muuzaji wa kawaida, kwa hiyo oda ya mwisho wa likizo usiihesabie ada ya muhula unaofungua wiki hiyo.

Godoro likifika, rekodi lile somo la kunawa mikono na uliweke hapa bila kulisafisha. Nitalisikiliza kwa hedifoni na kukuandikia kila ninachokisikia nyuma ya sauti yako.